Stika ya Salik kwa tunaotoka Maskati kwenda Dubai kwa gari: fanya hivi kabla hujafika getini

Wengi wetu tukitoka Maskati kwenda Dubai kwa gari tunajipanga vizuri kwenye kila kitu, gari ishafanyiwa servisi, orenji kadi ya bima ishakatwa, chupa ya chai na mandazi viko kiti cha nyuma, watoto washalala hata Barka hatujafika, halafu kuna kitu kimoja tunakiacha mpaka tukione kwa macho, nacho ni Salik, mfumo wa kulipia barabara wa Dubai. Na ukishaliona geti la kwanza basi lishakupita juu ya kichwa, hakuna kurudi nyuma, kamera ishapiga namba ya gari na wewe huna akaunti. Kwetu Oman hatuna barabara ya kulipia kwa hiyo hatujazoea mambo haya, na mie mwenyewe nimeshalipa faini ambazo nisingezilipa kama mtu angenikalisha chini robo saa akanieleza. Hiyo robo saa ndo hii hapa.

Kwanza ujue unapambana na kitu gani. Salik ni neno la Kiarabu, maana yake njia iko wazi, inapitika, na ndivyo ilivyo kweli, hakuna kibanda, hakuna mtu wa kumpa hela, hakuna mti wa kuinuka na kushuka. Walianza tarehe 1 Julai 2007 na mageti mawili tu, la daraja la Al Garhoud na la Al Barsha, wakawa wanaongeza kidogo kidogo, Novemba 2024 wakaongeza mawili kwa mpigo, Business Bay Crossing na Al Safa South, na hapo yakafika kumi. Mengine ni daraja la Al Maktoum, Al Safa North, Al Mamzar North na South kwenye njia ya Sharjah, Airport Tunnel, na Jebel Ali ukielekea Abu Dhabi. Geti lenyewe ni nguzo na chuma kimepita juu ya barabara, na juu ya hicho chuma kuna kamera na vifaa vya kusomea. Stika yako ina chipu ndogo ndani, haina betri wala nini, ukipita chini kile kifaa kinairushia mawimbi, chipu inajibu namba yake, hela inakatwa, na wewe unaendelea na safari kwa spidi ile ile.

Spidi ile ile nasisitiza, maana mtu aliyezoea daraja la Kigamboni au Nairobi Expressway, akiona kitu kama geti mbele yake mguu unakwenda wenyewe kwenye breki. Sheikh Zayed Road huwezi kufanya hivyo, nyuma yako kuna gari zinakuja kilomita 100 kwa saa na zaidi, na dereva wa nyuma hana habari kama wewe ni mgeni. Kaa kwenye leni yako, endesha kama unavyoendesha, leni zote zinasoma.

Sasa kitu ambacho nataka kiingie kichwani kuliko vyote: ile stika ni karatasi tu. Watu wanahangaika na stika, wapi inauzwa, inabandikwa vipi, lakini karibu kila faini niliyoiona, yangu na ya ndugu zangu, haikutokana na stika, ilitokana na akaunti iliyo nyuma ya stika. Akaunti ina vitu vitatu vya kuviangalia, namba ya gari, namba ya simu na salio, ukivipanga hivyo vitatu sawasawa hata kama stika imekushinda kidogo utapona.

Hatua ya kwanza, ukiwa bado nyumbani. Shusha aplikesheni ya Salik kwenye simu au ingia kwenye tovuti yao, salik.ae, uizoee ukiwa umetulia na una intaneti nzuri. Weka mulkiya, ile kadi ya usajili wa gari, mezani pamoja na kitambulisho au pasi, na piga picha mulkiya pande zote mbili, picha iwe safi, isiwe na kivuli cha mkono. Usisubiri kufanya haya ukiwa kwenye foleni ya mpakani Al Wajajah, pale mtandao wa Oman unakufa na wa Imarati haujashika vizuri, watoto wanalia wanataka choo, utaandika makosa.

Namba ya gari ndo pa kutulia zaidi. Plate zetu za Oman za gari binafsi ni za njano, zina tarakimu na pembeni herufi, na herufi zimeandikwa kwa Kiarabu na kwa Kilatini. Kwenye fomu chagua nchi kwanza, Oman, usiiache kwenye emireti yoyote, halafu aina ya plate, binafsi au ya biashara, halafu herufi, halafu ndo tarakimu. Nakili kutoka kwenye mulkiya, usiandike kwa kichwa hata kama gari unayo miaka kumi. Jirani yangu hapa Seeb aliandika kwa kichwa akageuza herufi mbili, ya kwanza akaiweka ya pili, akapita siku nzima Dubai akijua mambo yako sawa, na kurekebisha ikamla siku mbili za likizo yake, anapiga simu, anatuma picha ya mulkiya, anasubiri, anatuma tena. Ukimaliza kuandika mpe mkeo au mtoto mkubwa aisome kwa sauti wewe ukiangalia mulkiya. Dakika moja tu.

Namba ya simu, hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu hapa ndo nilipoumia mimi. Safari yangu ya mwanzo nilinunua laini ya simu ya wageni kule kule Dubai, na nikaandikisha Salik kwa namba hiyo, nikaona nimefanya la maana kwa sababu ni namba ya hapo hapo. Safari ikaisha salama, nikarudi Maskati, laini ile nikaitoa nikaiweka kwenye droo ikafa yenyewe. Sikukuu iliyofuata tukaenda tena, familia nzima, stika iko pale pale kwenye kioo, nikawa napita mageti na amani zangu. Nilikuwa na dirham 11 tu kwenye akaunti. Meseji za kuniambia salio linakwisha, salio limekwisha, jaza, zote zilikuwa zinakwenda kwenye laini iliyokufa kwenye droo Maskati. Nilikuja kujua wiki kadhaa baadaye nilipofungua akaunti kwa jambo jingine kabisa, nikakuta faini tatu za dirham 50 zimejipanga, 150 jumla, karibu rial 16 za Oman, na hela ilikuwepo, ningejaza siku ile ile kama ningepata meseji.

Kwa hiyo weka namba unayoitumia kila siku, na kama fomu inakataa namba yako basi weka ya ndugu anayeishi Imarati ambaye akipata meseji atakupigia palepale, sio yule anayesoma meseji Ijumaa mpaka Ijumaa. Na mwambie kabisa, ami, au shemeji, nimeweka namba yako kwenye Salik, ikija meseji nistue. Ukibadilisha simu, kitu cha mwanzo ingia ubadilishe na namba kwenye akaunti.

Hatua ya pili, kununua. Stika zinauzwa kwenye sheli za mafuta ndani ya Imarati, ENOC, EPPCO, ADNOC na Emarat, ukiingia dukani ndani uliza Salik tag watakuelewa kila mmoja. Bei niliyoizoea ni dirham 100, na ndani yake 50 inakuwa ni salio lako la kuanzia, yaani kama rial 10 na nusu kwa zote. Ukipita njia ya Hatta huna haja ya wasiwasi, kutoka mpaka mpaka mjini Dubai una zaidi ya kilomita 100 na njia yote ile haina geti hata moja, una nafasi ya kusimama, kunywa chai, kununua, kubandika na kuiwasha kwa utulivu. Kosa ni kusema aah nitanunua nikifika hotelini. Hotelini utafika kwa kupita geti.

Na kama umeshapita bila stika, usitaharuki. Unapewa siku 10 za kazi tangu ulipopita geti la kwanza uandikishe gari na kulipa, ukifanya ndani ya siku hizo hakuna faini. Zikipita ndo inaanza, kosa la mwanzo dirham 100, la pili 200, la tatu na kuendelea 400 kila moja, na hiyo 400 ni zaidi ya rial 41, kwa kupita chini ya chuma. Wako wanaosema gari ya Oman haiwezi kufuatwa, hayo ni maneno ya barazani, deni linakaa kwenye namba ya gari yako na wewe mwenyewe ndo unarudi Dubai kila Idi.

Halafu hesabu ya siku za kazi isikuchanganye. Sisi Oman tunapumzika Ijumaa na Jumamosi, wenzetu Imarati tangu Januari 2022 wanapumzika Jumamosi na Jumapili na Ijumaa wanafanya kazi nusu siku. Ukihesabu kwa kalenda ya kwetu unaweza kujiona una siku kumbe ishapita, hesabu kwa kalenda yao.

Hatua ya tatu, kubandika. Hii ukikosea hurudii, kwa sababu ile stika imetengenezwa ukiibandua inakatika na chipu inakufa, ndo maana mtu hawezi kuihamisha kutoka gari hii kwenda ile. Mahali pake ni ndani ya kioo cha mbele, juu, nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazama nyuma. Angalia kioo cha gari yako kabla hujafanya chochote, gari nyingi za kisasa kioo chake kina madini ndani ya kuzuia joto na hayo madini yanazuia mawimbi, watengenezaji wanaacha sehemu ndogo wazi, mara nyingi utaiona ina vidoti vidoti vyeusi jirani na kile kioo kidogo, hapo ndo pa kuweka. Usiiweke kwenye ile sehemu ya juu yenye rangi ya kuzuia jua, wala kuibana na bati la fremu.

Egesha kivulini, washa ekondishen, acha kioo kipoe, maana mwezi wa nane kioo cha mbele ukikigusa mkono unarudi wenyewe, na gundi kwenye joto lile inakamata kabla hujanyoosha. Futa kwa kitambaa chenye spiriti, sio kile kitambaa cha kufutia dashibodi kina mafuta mafuta, stika itaning'inia wiki ijayo. Kausha. Kabla hujabandua karatasi ya nyuma piga picha namba ya stika na karatasi zote zilizokuja nayo, utazihitaji baada ya dakika tano na hutaki kuisoma namba ikiwa kwenye kioo imegeukia nje. Sasa ishike pembeni, bandua taratibu, usiguse gundi, weka upande mmoja kwanza halafu kidole gumba kitembee kutoka hapo kwenda upande wa pili polepole ukisukuma hewa itoke. Shikilia kidogo. Basi.

Hatua ya nne, kuiwasha, na wengi wanaisahau hii kwa sababu wanadhani ukishabandika umemaliza. Stika ambayo haijaungwa na akaunti ni pambo la kioo. Ingia kwenye aplikesheni, ongeza stika, weka namba zake, zile ulizopiga picha, unganisha na gari, thibitisha kwa ile namba ya siri inayokuja kwenye meseji. Usiondoke kwenye sheli mpaka uone gari yako imetokea kwenye orodha na salio lake pembeni. Ukikwama piga 800 72545 ukiwa Imarati, ni namba yao ya bure, Kiingereza na Kiarabu, na sisi wenye Kiarabu cha Oman tunaelewana nao vizuri.

Sasa pesa. Kwa miaka mingi ilikuwa ni dirham 4 kila geti kila saa, rahisi, lakini tangu tarehe 31 Januari 2025 bei inafuata saa. Nakuandikia kwa saa za Kiswahili na wewe usichanganye na saa ya dashibodi: saa 12 asubuhi mpaka saa 4 asubuhi ni dirham 6, saa 4 mpaka saa 10 jioni ni 4, saa 10 jioni mpaka saa 2 usiku ni 6 tena, saa 2 usiku mpaka saa 7 usiku ni 4, na kuanzia saa 7 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni bure. Jumapili ni 4 tu kutwa, na ile bure ya usiku iko pale pale, isipokuwa Jumapili ikiangukia sikukuu ya serikali au shughuli kubwa. Ramadhani wana ratiba yake, ya 2025 ilikuwa saa 3 asubuhi mpaka saa 11 jioni ndo 6, bure ni kuanzia saa 8 usiku mpaka saa 1 asubuhi, na saa zilizobaki 4, kwa hiyo wale wa kwenda kununua nguo za Idi usiku baada ya tarawehe walikuwa wanalipa ndogo.

Hii ukiijua unaipanga safari. Mie nilikuwa natoka Maskati saa 10 alfajiri kwa kujiona hodari, nafika Dubai katikati ya foleni ya watu wa maofisini na bei ya 6. Siku hizi naswali alfajiri kwanza, natulia, naondoka, na masaa matano hivi ukihesabu na mpaka naingia mjini saa 4 imeshapita, barabara imepungua na bei imeshuka. Kurudi, ukitoka hotelini saa 11 alfajiri unapita mageti yote bure na jua linakukuta Hatta.

Chukua mfano umefikia Deira kwa sababu ndo hoteli za bei yetu, na watoto wanataka Dubai Marina. Unapita daraja la Al Maktoum au Al Garhoud, hiyo moja, Al Safa mbili, Al Barsha tatu. Al Safa yako mageti mawili, North na South, ila ukiyapita yote upande mmoja ndani ya saa moja unakatwa mara moja tu, na Al Mamzar vile vile. Kwenda dirham 12 kama sio saa za foleni, kurudi 12, jumla 24. Kwa siku mbili ni 48. Umeona, lile salio la 50 lililokuja na stika limekwisha siku ya pili, na kama ulikuwa unatembea saa za foleni ni 36 kwa siku, siku ya pili halifiki mwisho. Kwa hiyo siku ile ile unayoiwasha ongeza dirham 100 kwa safari ya wiki, kwa kadi ya benki ndani ya aplikesheni au kwa keshia pale pale sheli. Isipokwisha inakungoja safari nyingine. Na salio likikwisha ukapita, una siku 5 za kazi kujaza, zikipita ni faini ya dirham 50, ile iliyonikuta mimi.

Kuna kitu kingine kinakula salio na watu hawakijui, pakingi. Tangu tarehe 1 Julai 2024 Dubai Mall baadhi ya pakingi zake, Fashion, Grand na Cinema, zimeunganishwa na Salik, hakuna tiketi, kamera inasoma namba ya gari na ukizidisha masaa ya bure inakatwa kwenye akaunti hiyo hiyo. Masaa ya bure ni 4 siku za kazi na 6 wikendi. Watu wetu na mol unajua, tunaingia adhuhuri tunatoka baada ya maonyesho ya maji ya usiku, sasa angalia saa yako, au pale Dubai Mall nenda pakingi ya Zabeel au Fountain Views.

Kukwepa mageti inawezekana pia na haina ubaya wowote. Kutoka Hatta kwenda upande wa Sharjah au Abu Dhabi kuna Sheikh Mohammed bin Zayed Road, ile E311, na Emirates Road, E611, hazina Salik ndani yake. Kuvuka khori, ule mkono wa bahari unaokata mji wa Dubai, kuna daraja la Infinity lililofunguliwa Januari 2022 na handaki la Al Shindagha, bure yote mawili. Google Maps na Waze zina sehemu ya kukwepa barabara za kulipia, ukiiwasha wanakuonesha. Rai yangu ni kwamba ukiwa peke yako na huna haraka kwepa, ila ukiwa na watoto waliochoka na mama mkubwa kiti cha mbele miguu imevimba, dirham 4 ni kama baisa 420, lipa ufike, mafuta ya kuzunguka kilomita 20 sio bure.

Kwa ndugu wanaokuja kwa ndege kutoka Dar au Unguja na kukodi gari kule kule, stika ya gari ni ya kampuni ya kukodisha, usinunue yako wala usibandike kitu. Kila geti wanakuandikia na mwisho wanakata kwenye kadi yako, na wengi wanaongeza chao juu kwa kila geti. Kabla hujasaini mkataba uliza wazi, geti moja mnanikata ngapi jumla na chenu? Na waandike. Halafu kwenye daftari au kwenye simu andika kila geti unalopita na saa yake, wifi yangu anafanya hivyo, siku ya kurudisha gari akaletewa hesabu ya mageti 31, akatoa simu yake yana 22, wakakaa wakapitia moja moja kwa saa na tarehe na akarudishiwa ya yaliyozidi. Kama asingeandika angebishana na nani.

Ukiendelea mpaka Abu Dhabi elewa kwamba Salik hawaitambui. Wao wana Darb, ilianza kukata hela Januari 2021, na haina stika kabisa, inasoma namba ya gari tu, na ilianza na madaraja manne ya kuingilia kisiwani, Sheikh Zayed, Sheikh Khalifa, Al Maqta na Mussafah. Dirham 4, na inakata saa za foleni tu za asubuhi na jioni, Jumapili ni bure. Ni akaunti nyingine, salio jingine, na namba ya gari unaiandika upya kwa uangalifu ule ule. Kama unakwenda msikiti wa Sheikh Zayed na kurudi, msikiti uko upande wa kisiwani, ukishavuka tu madaraja, kwa hiyo geti la Darb utalipita.

Ukirudi nyumbani, siku mbili tatu baadaye fungua akaunti usome mageti yaliyokatwa, tarehe na saa. Ukiona geti la siku ambayo gari ilikuwa imeegeshwa Seeb, peleka lalamiko mapema wakati una ushahidi, muhuri wa mpaka kwenye pasi unaonesha ulitoka lini. Na kioo cha mbele kikivunjwa na jiwe la lori kule Batina, jambo la kawaida sana njia ile, fundi akiweka kipya stika yako imekwenda na kioo cha zamani, nunua nyingine uiunge kwenye akaunti ile ile, usifungue akaunti ya pili.

Na siku unauza gari, itoe kwenye akaunti kabla ya kubadilisha mulkiya. Ukiiacha, mwenye gari mpya akienda Dubai anapita kwa hela yako, na ikiisha faini zinaandikwa kwenye akaunti yenye jina lako. Kaa na mnunuzi, fungua simu mbele yake, futa gari, muoneshe orodha haina gari tena, kwangua na ile stika pale kwenye kioo kwa wembe, halafu ndo umpe funguo.